Anayepima bodi ya gari asitumwe kupima mkono wa mchuma chai

Mama mmoja mchuma chai aliteleza mtaroni asubuhi ya mvua, kapu likiwa mgongoni, akaangukia mkono wake wa kulia. Hayo yalitokea mwaka wa 2021, kabla sijastaafu kazi yangu ya afisa wa kliniki. Alikuwa mzaliwa wa sehemu za Bureti, na alikuwa akichuma majani katika shamba hilo tangu akiwa msichana. Gari la shamba lilimfikisha kwetu, akapigwa eksirei, na picha haikuonyesha mfupa wowote uliovunjika. Tulimfunga mkono, tukampa dawa ya maumivu na kumwagiza arudi baada ya siku kumi na nne.

Siku ya sita alitembelewa kambini na kijana wa bima. Kijana huyo, ambaye sina ubaya naye, alikuwa amejifunza salamu ya Kikipsigis na kwa furaha akaitoa: "Chamgei?" Yule mama akajibu kama ambavyo Mkipsigis yeyote mwenye adabu humjibu mgeni, hata kama nyumba yake inawaka moto: "Chamgei mising." Kijana akafungua faili, akaandika kwamba majeruhi mwenyewe amekiri yu buheri wa afya. Karatasi hiyo niliiona kwa macho yangu, kwani miezi kadhaa baadaye ililetwa hospitalini ili kupinga yale tuliyokuwa tumeandika sisi.

Siku ya kumi na nne ilikuwa imefika, na eksirei ya pili ikaonyesha ufa. Ulikuwa katika kimfupa kidogo cha kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambacho madaktari hukiita skafoidi. Kimfupa hiki ni mjanja. Kikipasuka, mara nyingi ufa hauonekani katika picha ya siku ya kwanza, na ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Tena hupata sehemu kubwa ya damu yake kutoka upande mmoja tu, kwa hiyo kikipuuzwa huenda kisiunge kamwe, na kipande kimoja kikafa. Mwenye mkono huo hubaki na maumivu na ulegevu wa mshiko maishani mwake.

Mchuma chai hutumia nini kazini? Kidole gumba na cha shahada, basi. Majani mawili na chipukizi, mara elfu kadha kwa siku, tangu umande wa alfajiri hadi gari la majani linapofika. Karani akiumia kidole gumba ataendelea kupiga chapa kwa vidole tisa. Mchuma chai akiumia hicho, mshahara wake umekwisha, kwa kuwa hulipwa kwa kilo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tunapozungumzia fidia ya walioumia kazini au barabarani, lawama zote huwaendea mawakili walafi na kampuni za bima zinazochelewesha malipo. Kuna mtu mmoja katikati ambaye hatumtaji. Ni yule asesa au mkadiriaji anayetumwa na bima kwenda kumwona aliyeumia, kuuliza, kuandika na kurudisha ripoti. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inamtambua na kumtaka awe na leseni. Akitumwa kukagua gari, huwa anaijua kazi yake. Atainama chini ya chasi, atagonga bodi kwa kidole, atakwambia mlango huu ulipigwa rangi upya na bei ya boneti ni kiasi gani. Mtu huyohuyo, au mwenzake wa ofisi ileile, ndiye anayepewa faili ya mguu uliovunjika. Hapo hana alichofundishwa isipokuwa kushuku.

Ripoti yake ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007, ambayo wengi humu nchini huiita WIBA, ilianza kutumika mwaka wa 2008. Inamlazimu kila mwajiri kukata bima ya wafanyakazi wake. Inasema kwamba anayebaki na ulemavu wa kudumu atakadiriwa kwa asilimia, na fidia itahesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Watu huisoma hesabu hiyo na kuipita haraka. Hebu tuifanye polepole. Aliyepoteza macho yote mawili amehesabiwa asilimia mia moja, hivyo hulipwa mapato ya miezi 96. Basi asilimia moja ni karibu mapato ya mwezi mmoja mzima.

Tuseme mchuma chai anapata shilingi 15,000 kwa mwezi. Asilimia moja ya ulemavu wake ni shilingi 14,400. Daktari wetu alimkadiria yule mama asilimia kumi na mbili. Daktari aliyeajiriwa na bima mjini, ambaye alisoma ripoti ya kijana wetu kabla ya kumwona mgonjwa, alimkadiria tano. Mabishano yakaendelea zaidi ya mwaka, na mwishowe akakubali hiyo tano kwa kuwa karo ya shule ilikuwa imemfikia kooni. Katika mfano wangu wa shilingi 15,000, tofauti hiyo ni shilingi 100,800. Hiyo ndiyo bei ya "Chamgei mising".

Tena kuna jambo ambalo asesa aliyefunzwa angelijua na kulieleza. Jedwali la asilimia katika sheria hiyo hutaja zaidi viungo vilivyokatika au kupotea. Kifundo kilichokakamaa, mshiko uliolegea, ganzi ya vidole, hayo hukadiriwa kwa kulinganisha. Aidha, sheria inamruhusu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kupandisha asilimia pale ambapo jeraha limemwathiri mtu kupita kiasi kutokana na aina ya kazi yake. Lakini Mkurugenzi hawezi kupandisha kwa jambo ambalo hakuna aliyeliandika. Ni nani ataandika kwamba kidole hiki ndicho kilichokuwa kikichuma?

Zamani mtu akikosewa na bima angekimbilia kortini, na wengi walifanya hivyo Kericho. Siku hizi njia hiyo imefungwa kwa wengi wao. Baadhi ya vifungu vya WIBA vilipigwa vita kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilivibatilisha mwaka wa 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi vyavyo mwaka wa 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: madai ya kuumia kazini yaanzie kwa Mkurugenzi, si kwa hakimu. Sina ugomvi na uamuzi huo. Kesi za kortini zilichukua miaka na mara nyingi wakili aliondoka na fungu nono. Hata hivyo, tukumbuke kwamba kortini palikuwa na hakimu aliyemtazama mtu usoni na kumwambia anyoshe mkono. Katika utaratibu wa sasa, karatasi ndiyo inayosema. Huenda asesa akawa mtu wa pekee kutoka upande wa bima ambaye atamwona majeruhi kwa macho.

Mambo ya mgongo ni mazito zaidi. Wasomaji watakumbuka kesi iliyofika hadi Scotland. Mwaka wa 2022 mahakama iitwayo Court of Session mjini Edinburgh iliruhusu wachumaji chai wa Kericho washtaki kwa pamoja kampuni ya James Finlay (Kenya), ambayo ilikuwa imesajiliwa huko. Walidai kwamba kubeba makapu mazito katika miteremko kwa miaka mingi kumeiharibu migongo yao. Kampuni ilikana. Mwaka wa 2023 jaji, Lord Weir, aliamua kwamba kesi isimamishwe ili madai hayo yapitie kwanza utaratibu wa WIBA huku Kenya. Kuhusu nani ana haki katika kesi hiyo, mimi si jaji. Ninachojua ni kwamba migongo ile ilipanda ndege kwa makaratasi hadi Ulaya na kurudishwa Kericho, kwenye meza zetu wenyewe. Je, meza hizo ziko tayari?

Fomu ya kuripoti ajali huuliza tarehe na saa ya ajali. Mgongo wa mchuma chai hauna saa. Huanza kwa uchovu unaopona Jumapili, kisha Jumapili haitoshi, kisha maumivu yanashuka matakoni na nyuma ya paja hadi unyayoni, kisha mtu anashindwa kuinama afunge kamba za viatu. Kilichotokea ni kwamba kisahani laini kilicho kati ya pingili za uti wa mgongo kimechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Eksirei ya kawaida haikionyeshi kisahani hicho, kwa kuwa huonyesha mfupa. Nimesoma ripoti za bima zilizosema "eksirei ni safi, hakuna jeraha", na aliyeandika aliamini kabisa kwamba amesema kweli. Lau angefundishwa kwa siku moja tu angejua kuuliza: ukilala chali nikiuinua mguu wako ukiwa umenyooka, maumivu yanashuka hadi wapi? Kidole kikubwa cha mguu kina nguvu? Kuna sehemu yenye ganzi? Si kwamba asesa awe daktari. Kazi yake ni kujua ni lini aseme, "Hapa pana swali ambalo picha hii haiwezi kulijibu, mgonjwa apelekwe mbele."

Barabara nazo zina yao. Oktoba 2018 basi lilianguka Fort Ternan na watu zaidi ya hamsini wakafa. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilivamia wachuuzi na waliosimama kando ya barabara katika makutano ya Londiani, wakafa watu 52. Magazeti huhesabu waliokufa, na ni sawa. Sisi tulio hospitalini huhesabu pia wanaotoka wakitembea. Sheria ya bima ya watu wengine, Sura ya 405, inaiwekea bima ukomo wa shilingi milioni tatu kwa kila mtu. Kati ya sifuri na milioni tatu kuna mwanya mpana wa kubahatisha. Mtu aliyegongwa kichwa anaweza kujibu maswali yote vizuri, akataja siku na mwezi, akasaini. Muulize mkewe. Atakwambia bwana amekuwa mkali, husahau mlango wazi usiku, hawezi tena kukaa penye kelele za watoto, na pesa za duka hazihesabiki. Asesa wa gari hamwulizi mke wa dereva kuhusu gari. Asesa wa mtu sharti amwulize.

Kuna watakaosema ninawatetea waongo. La. Nimeishi Kericho na Bomet miaka mingi na nimewaona. Nimewahi kuletewa mtu mwenye kovu la utotoni akitaka niandike kwamba ni la kiwanda cha chai, na nimewahi kuona fomu za P3 za abiria waliokuwa wengi kuliko viti vya matatu. Wizi wa aina hiyo si mzaha, kwani bima ikianguka anayeumia ni majeruhi wa kweli aliye kwenye foleni. Kampuni ya United, iliyokuwa ikibeba bima za matatu, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka wa 2011. Lakini nawauliza wakubwa wa bima: mwongo hunaswa na nani? Asesa asiyejua mwili huwashuku wote sawasawa, na matokeo yake ni kwamba mwongo mwenye maneno mengi hupita, naye mama mnyamavu huanguka. Anayejua jinsi kovu la wiki sita linavyotofautiana na la miaka sita hahitaji kumkasirikia mtu. Atatazama rangi yake na ataandika.

Basi wafundishwe nini, na wapi? Chuo cha Bima kiko Nairobi, na sheria za bima na mahesabu hufundishwa vyema darasani. Mwili haufundishwi hivyo. Ningependa Mamlaka ya Kudhibiti Bima iweke sharti kwamba hakuna atakayeshika faili ya mtu aliyeumia kabla ya kukaa walau majuma mawili hospitalini, katika wodi ya majeruhi pale Kapkatet au Longisa, au kwa madaktari wa mifupa wa Tenwek wakimkubali. Akae na wauguzi wakibadilisha bendeji ya kijana ambaye vidole vyake viliingia katika mashine ya kukata na kukunja majani. Asikie harufu yake. Aone mtu akijaribu kufunga kifungo cha shati kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji, na mtaalamu wa tiba ya viungo akipima nguvu ya mshiko wa mkono huu na wa ule, akiandika namba mbili badala ya "ana maumivu kiasi". Kapkatet pana chuo cha mafunzo ya udaktari cha KMTC, kwa hiyo walimu hawako mbali.

Siku moja kati ya hizo aende shambani. Avae aproni ya plastiki, abebe kapu tangu asubuhi, ashuke mteremko wenye utelezi na kupanda nalo likiwa limejaa. Nina hakika hataandika tena kwamba mwenye mgongo ule "anaweza kurejea kazi nyepesi shambani". Kazi gani nyepesi? Siku hizi mashine za kuchuma zimechukua nafasi nyingi, na aliye na mgongo mbovu si wa kwanza kupewa mashine.

Afundishwe kuhesabu mapato pia. Mchuma chai hana mshahara mmoja kama mwalimu. Mwezi wa mvua nzuri hupata zaidi, wa jua kali au baridi ya barafu hupata kidogo. Sheria inataka mapato yahesabiwe kwa namna inayoonyesha vizuri malipo yake ya mwezi, pamoja na thamani ya chakula au makao anayopewa na mwajiri, na malipo ya ziada ambayo ni ya kawaida. Nyumba ya kambini ni pesa. Nimeona ripoti zilizochukua hati moja ya malipo, tena ya mwezi mbaya, mambo yakaishia hapo.

Na suala la lugha. Wengi wa wachumaji wetu hujieleza vizuri kwa Kiswahili, lakini maumivu huyasema kwa lugha ya mama, awe Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo au Mluhya. Kwa hiyo asesa huja na mkalimani, na mkalimani huyo mara nyingi ni nyapara. Tafakari hilo kidogo. Mtu anayekupangia mistari ya kuchuma na kuandika kilo zako ndiye anayesimama kando yako ukiulizwa kama kampuni ilikuwa na makosa. Nani atasema mtaro ule haukuwa na ubao wa kuvukia? Mkalimani awe mwuguzi, mwalimu wa shule ya msingi au mtu wa kanisani, mtu yeyote asiye na mamlaka juu ya aliyeumia. Na ikiwa aliyeumia ni mwanamke na jeraha liko nyonga au kiunoni, atumwe asesa mwanamke. Akina mama wetu watasema "hapana neno" kuliko kumweleza kijana wa rika la mtoto wao mambo ya kiuno.

Gharama, watasema. Nimezoea kulisikia neno hilo. Lakini yule mama angepelekwa mapema kwa wataalamu wa mkono, akafungwa plasta ifaayo na kufanyishwa mazoezi, pengine asingefika asilimia kumi na mbili, wala hiyo tano. Mkono uliopona haudai. Wakala wa bima anayejua kimfupa cha skafoidi angepiga simu siku ile ya sita na kusema: ripoti ningoje eksirei ya pili. Simu hiyo haigharimu hata shilingi ishirini.

Kabla ya mafunzo hayo kuja, wewe uliyeumia leo usikae kungoja. Mwarifu mwajiri mara moja, hata kwa mdomo, mbele ya shahidi. Yeye naye ana siku saba za kupeleka habari kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, nawe una miezi kumi na miwili ya kuwasilisha dai. Nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani kwako. Usikubali kukadiriwa ulemavu wa kudumu kabla jeraha halijatulia, na ukiambiwa urudi kwa eksirei ya pili, rudi, hata kama maumivu yamepungua. Usitie kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali malipo kabla ya kusomewa kwa lugha yako. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku sitini za kuupinga.

Na siku mgeni wa bima atakapofika mlangoni akusalimu, mjibu salamu yake kama ulivyolelewa. Mpe kiti, mpe chai. Kisha mwambie: "Hiyo ilikuwa salamu. Sasa toa kalamu nikueleze kuhusu mkono wangu."